Mwizi kwa Mujibu wa Sarufi

Kwa mujibu wa barua iliyomo ndani ya faili langu ofisini, yenye saini yangu na tarehe ya wiki hii, mimi ni mwizi wa kompyuta. Sikusingiziwa na mtu. Nimejitaja mwenyewe, kwa Kiingereza kilichonyooka, nukta mahali pake.

Kilichotokea Buguruni kila mtu aliyekuwapo alikielewa. Nilikuwa kituoni, begi begani, nasubiri daladala la Gongo la Mboto, wakaja vishandu wawili juu ya pikipiki. Wa nyuma akanyoosha mkono, begi likaondoka naye, na bega langu nusura liondoke na begi. Ndani mlikuwa na kompyuta mpakato ya ofisi. Nikapiga kelele kwa Kiswahili. Nikapewa pole kwa Kiswahili. Mama ntilie mmoja akanikalisha kwenye benchi lake, akanipa maji, akauliza, “Wamekuibia nini, baba?” Nikamjibu, “Wameniibia kompyuta, mama,” na hapakuwa na mtu pale kituoni aliyepata tabu ya kujua nani kaiba na nani kaibiwa. Polisi nao wakaandika maelezo yangu kwa Kiswahili, wakanipa RB, nikaenda zangu.

Mambo yaligeukia ofisini. Dada wa utumishi alinipa pole ya kweli kabisa, hata macho yakamlegea, kisha akasema, “Sasa kaka, niandikie barua ya maelezo. Ila iwe ya Kiingereza. Watu wa bima wanataka Kiingereza.” Hao watu wa bima wako mtaa wa pili kutoka kwetu. Nimewahi kupanga nao foleni ya chipsi, nikawasikia wakigombana kuhusu Simba na Yanga, na hawakuwa wakigombana kwa Kiingereza.

Nikaandika. Sentensi ya kwanza ilisema: “I had stolen the office laptop at Buguruni.” Niliisoma nikaipenda. Ilikuwa na ule wakati uliopita unaoutangulia wakati mwingine uliopita, tuliofundishwa kidato cha pili, fimbo ikiwa mezani.

Meneja akaisoma barua ile kwenye kikao, kwa sauti, akidhani anawaombea wenzangu fursa ya kunihurumia. Alipofika kwenye nukta, pakawa kimya. Halafu mhasibu akauliza, kwa upole sana, kama nina mpango wa kuirudisha.

Tangu siku hiyo mzee wa getini, ambaye namwamkia kila asubuhi naye huniitikia kwa furaha, ananiomba nifungue begi kila nikitoka. Anasema ni utaratibu mpya. Nimechunguza, na utaratibu huo unanihusu mimi peke yangu. Jirani yangu wa meza naye ameanza kufungia chaja kwenye droo.

Kinachoniuma zaidi ni kalamu nyekundu. Dada wa utumishi alikuwa ameipitia barua kabla ya kuipandisha kwa meneja. Mbele kidogo nilikuwa nimeandika kwamba kompyuta ilikuwa ndani ya “leather black big bag”. Akakata, akaandika juu yake “big black leather bag”. Begi langu lilipangwa upya, ukubwa mbele, rangi katikati, ngozi nyuma, likawa begi la heshima. Sentensi iliyonifanya mwizi hakuigusa. Nilipomuuliza kwa nini, akaniambia haikuwa na kosa. Na kweli haikuwa nalo. Ndiyo balaa lenyewe.

Mtaani kwetu kuna Mwalimu mstaafu aliyefundisha Kiingereza sekondari maisha yake yote. Jioni nikampelekea nakala.

“Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba, mwanangu. Keti.” Akaisoma, akavua miwani. “Na polisi wanajua kama ni wewe?”

Alipomaliza kucheka akageuza bahasha, akaandika mistari mitatu:

I had stolen the laptop.
I had the laptop stolen.
I had the stolen laptop.

Maneno matano, yale yale, hakuna lililoongezwa herufi wala kupunguzwa. Katika mstari wa kwanza mimi ni mwizi. Katika wa pili nimeibiwa. Katika wa tatu ninayo, imo mikononi mwangu, na mtu akikutwa na mali ya wizi hilo ni shitaka jingine tena. Kilichohama ni “stolen” tu. Likiwa mgongoni mwa “had”, wizi ni kazi ya mikono yangu. Likisukumwa hadi mwisho, wizi unanipata. Likiingia katikati, kati ya “the” na “laptop”, linageuka sifa ya kompyuta, na mimi nabaki nimeishika. Niliitazama bahasha ile hadi chai ikapoa. Sijawahi kuona neno lenye miguu mirefu namna hiyo.

“Ila hiyo ya pili,” Mwalimu akasema, “nayo usiiamini sana.”

Akanieleza. Mwingereza akisema “I had the roof repaired”, amemwita fundi wa paa na amemlipa. Akisema “I had my hair cut”, amekwenda kwa kinyozi na amemlipa. Muundo ni ule ule: kitu katikati, kitendo mwishoni, na mwenye sentensi ndiye aliyeagiza. Kwa hiyo “I had the laptop stolen”, ile sentensi sahihi ambayo ningepaswa kuiandika, ile ya mtu asiye na hatia, inaweza kusomeka pia kwamba nilitafuta vishandu, nikapatana nao bei, wakanifanyia kazi. Sarufi haikatai. Kinachozuia ni busara ya msomaji tu, kwamba watu huagiza paa litengenezwe lakini hawaagizi waibiwe. Hilo lingenifariji sana kama msomaji wangu asingekuwa kampuni ya bima.

Nikamuuliza Mwalimu lugha gani hii isiyomlinda mtu. Akasema haikuwa hivi toka mwanzo, na hapo, lazima nikiri, hasira ikapisha udadisi. Kabla Wanormandi hawajavuka bahari na kuitwaa Uingereza mwaka 1066, Kiingereza kilikuwa na alama za kumtambulisha mtenda na mtendwa. Mtu akiwa ndiye anayetenda, aliitwa “se mann”. Akiwa ndiye anayetendwa, akaitwa “thone mann”. Ukitaka kusema mbwa kamuuma mtu, ungeweza kumtanguliza mtu na mbwa akaja nyuma, na kila msikilizaji angejua aliyeumwa ni nani. Lakini mkazo wa maneno yao ulikuwa mwanzoni, kwa hiyo silabi za mwisho zikawa zinamung'unywa, irabu zake zikafifia hadi zote zikasikika sauti moja. Huko kaskazini wakawa wamehamia watu kutoka Skandinavia, ambao maneno yao yalifanana na ya wenyeji ila miisho ilitofautiana, na wanaisimu wengi wanaona kuwa mchanganyiko huo uliiharakisha miisho kuzikwa. Chaucer, yule mshairi aliyefariki mwaka 1400, alikuta sehemu kubwa yake imeshatoweka. Siku hizi imesalia kwenye viwakilishi tu, “he” na “him” na ndugu zao wachache.

Chukua daladala, umvue dereva sare yake, umvue na kondakta. Utamjua vipi dereva? Kwa kiti alichokalia, basi. Ndivyo Kiingereza kilivyobaki: yeyote atakayekaa kiti cha mbele ndiye anayeendesha. Mimi nilikaa kiti cha mbele, nikamweka “stolen” mahali pa kondakta, gari likaondoka.

Sisi sare hatukuvua. Ugali watoto wameula. Watoto ugali wameula. Wameula watoto ugali. Wa- ni ya watoto, u- ni ya ugali, na hakuna ugali uliowahi kula watoto katika nchi hii. Hata wizi wangu: nimeibiwa kompyuta, kompyuta nimeibiwa, nimeibiwa mimi kompyuta. Ihamishie popote utakapo, bado ni mimi wa kupewa pole. Sisemi kwamba sisi ni malaika. Ukisikia “mtoto wa mwalimu mkorofi”, mkorofi ni nani? Wote wawili wako ngeli moja, sare zao zimefanana. Mwalimu aliniambia inategemea umekutana na nani kwanza.

Kuhusu lile begi, nalo lina mkubwa mwenzake. J. R. R. Tolkien, aliyekuwa profesa wa Kiingereza cha kale pale Oxford kabla dunia haijamjua kwa hadithi, alimwandikia mshairi W. H. Auden mwaka 1955 kwamba akiwa mtoto wa umri wa miaka saba hivi alitunga hadithi ya dragoni. Mama yake hakusema lolote kuhusu dragoni, ila alimkosoa kwamba huwezi kuweka “green” kabla ya “great”. Lazima iwe “great green dragon”. Tolkien anasema alishangaa kwa nini, na akiwa profesa mzima alikuwa bado anashangaa. Mama wa Tolkien na dada wetu wa utumishi wangeelewana sana.

Lakini kuna mahali kicheko kinanikauka. Tangu mwaka 2021 sheria yetu imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Maana yake, kama kampuni ya bima ikiamua kuniamini kwa maandishi yangu na kunipeleka mbele ya hakimu kwa wizi wa kompyuta, nitajitetea kwa Kiswahili. Mwizi ana haki hiyo. Aliyeibiwa hana. Aliyeibiwa anasimulia uchungu wake kwa lugha ambayo mwizi hakuitumia, mashahidi hawakuitumia, polisi hawakuitumia, na wanaoisoma wataitafsiri kichwani ndipo waelewe, kama wataelewa. Shule ya msingi nilifundishwa kila kitu kwa Kiswahili. Nikaingia kidato cha kwanza nikakuta milima imebadilika majina. Sijui ni wangapi wamekosa kazi, mkopo au fidia kwa sababu neno moja lilikaa kulia badala ya kushoto, huku kila aliyekuwa mezani akijua vizuri kabisa walichotaka kusema. Meneja wetu alijua. Alikuwa amenipa pole siku moja kabla, kwa mdomo wake.

Nilimwambia dada wa utumishi niiandike upya. Akasema ya kwanza imeshagongwa muhuri.

Si mara yangu ya kwanza. Mwenye nyumba wangu anaishi Leicester, na badala ya “I paid almost all the rent” nilimtumia “I almost paid all the rent”. Akajibu kwamba yeye naye amekaribia kunivumilia.

Kwenye harusi ya binamu yangu, mwenyekiti wa kamati akiwa bado kwenye foleni ya Tazara, nilimtangaza kwenye kipaza sauti kuwa “our late chairman”. Wageni waliokijua Kiingereza wakasimama kimya, na waliokuwa hawakijui, kwa kuwaona wenzao, wakasimama pia.

Na shangazi yangu alipokuja kututembelea kutoka Tanga, nikawa na mgeni Mmarekani sebuleni, nikataka kumtambulisha shangazi kuwa ni “house guest” wetu. Nikasema “guest house”. Shangazi Kiingereza hajui, lakini gesti anaijua. Alifunga mkoba wake jioni ile ile, na hadi leo nikipiga simu anapokea mumewe.