Mheshimiwa Kifaranga

Mgeni akifika Ujiji huonyeshwa mahali ulipokuwa mwembe ambao, inasemwa, Stanley alimkuta Livingstone chini yake mwaka 1871. Pana mnara hapo, pana makumbusho, na miembe iliyopo leo huitwa wajukuu wa ule wa kwanza. Kuku hatajwi. Ilhali Stanley mwenyewe aliandika kwamba siku ile majirani walileta vyakula, na Muhammad bin Sali alileta kuku wa mchuzi wa bizari. Mwembe ulitoa kivuli tu. Kuku alitoa roho. Kwa kuwa historia imemdhulumu mkubwa, naomba leo nimsifu mdogo wake: kifaranga, mtukufu kuliko wote wanaolala uani Kigoma.

Cheo chake huonekana hata kabla hajafika. Mtu aliyeishi miaka chini ya bati linalovuja bila kujali, akisikia vifaranga wanakuja, anatafuta misumari siku hiyohiyo. Anapima ua kwa hatua, anagombana na jirani juu ya kamba ya kuanikia nguo, anatangaza kwamba banda lielekee mashariki na magharibi ili jua lisipige ndani, sakafu iinuliwe, ukuta uwe mfupi na juu pawe wavu ili hewa ipite. Yote hayo ni sawa, hata bwana mifugo atakwambia hivyo. Kasoro iko kwenye mikono. Wajerumani waliileta meli ya Graf von Götzen kutoka Papenburg vipande vipande ndani ya masanduku, wakaiunga hapahapa Kigoma, wakaishusha majini mwaka 1915. Mwaka uliofuata wakaizamisha wenyewe, Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na tangu 1927 tunaijua kwa jina la Liemba. Watu huisimulia kama muujiza. Jamani, hiyo ni meli tu, tena ilikuja na michoro yake. Banda la kuku halina mchoro.

Linajengwa kwa masalia ya mji: mabanzi, fito, bati lililong'olewa jikoni, na nyavu kuukuu za dagaa kutoka Kibirizi. Wavu wa dagaa humzuia mwewe vizuri kabisa. Panya huutafuna usiku mmoja, na kicheche hupita kwenye tundu alilofungua panya. Ndipo mtu anakwenda madukani Mwanga kununua wavu wa chuma wenye matundu madogo, kwa bei ileile aliyokuwa akiikimbia. Siafu nao hawajali wavu wa aina yoyote. Kwa ajili yao nguzo za banda husimamishwa ndani ya makopo yenye oili chafu ya gari. Stoo ya unga wa watoto haina ulinzi wa namna hiyo.

Wiki ya kwanza Mheshimiwa anataka joto la nyuzi 32 hadi 35, kisha apunguziwe kama nyuzi tatu kila wiki mpaka manyoya yaote. Mwenye kuku anayeatamia hana wasiwasi, mama mtu anamaliza kazi hiyo chini ya mbawa zake. Lakini aliyenunua vifaranga wa siku moja kwenye boksi, mama kuku ni yeye. Kipimajoto hana, anawasoma wenyewe. Wakirundikana chini ya taa wakilia, wanaona baridi. Wakikimbilia pembeni wameachama midomo, joto limezidi. Wakitawanyika wakidonoa kimya, amepatia, na raha hiyo hudumu mpaka upepo wa ziwani ubadilike. Basi usiku wa giza Kigoma huwa na taa za aina mbili, za wavuvi wa dagaa kule majini na za walezi wa vifaranga huku uani. Wavuvi angalau hupumzika mbalamwezi iking'aa.

Jirani mmoja aliona mwanga uani usiku wa manane, akabisha hodi.

"Baba, kuna mgonjwa?"

"Hapana, mama. Kuna vifaranga."

"Loo, poleni sana."

Kipaji kikuu cha Mheshimiwa, hata hivyo, ni kufa. Hufa kwa baridi, hufa kwa joto, hufa kwa kulaliwa na nduguze, hufa maji katika sahani ambayo hata kidole hakizami (tia vijiwe ndani, atakunywa bila kuogelea). Wala hafi kishamba. Kifaranga wa Ujiji ambaye hajafika hata Mwandiga anaweza kuuawa na ugonjwa wenye jina la Newcastle, mji wa Uingereza ulikotambuliwa mwaka 1926. Sisi tunauita mdondo au kideri. Akiponea huo, upo wa Gumboro, jina lililotoka jimbo la Delaware, Marekani. Ni wangapi mtaani wenye mahusiano ya kimataifa kiasi hicho? Mdondo hauna dawa, una chanjo: tone moja jichoni, kisha kurudia kila baada ya miezi mitatu. Ile ya I-2, inayotengenezwa hapahapa Tanzania, huvumilia joto kuliko chanjo nyingi. Chupa moja hutosha kuku wengi kuliko wa nyumba moja, kwa hiyo majirani wasiosalimiana tangu ugomvi wa kamba ya nguo hujikuta wakishikiana kuku.

Chakula chake nacho ni cha kifahari. Vumbi la dagaa wa Kigoma, dagaa walewale ambao Dar es Salaam huulizwa kwa jina, yeye huchanganyiwa na pumba na mashudu. Ukimzidishia, nyama yake itanuka samaki na mgeni atadhani umempikia mgebuka. Mwaka 2024 ziwa lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, watu walielewa, wakala maharage. Kifaranga hakupokea tangazo lolote.

Na fadhila zake? Uliyemnunua kwa ajili ya mayai huenda akakuwikia dirishani saa kumi alfajiri, maana maumbile hugawa majike na majogoo karibu nusu kwa nusu. Akitokea kuwa jike, utamngoja kama miezi sita, kisha atachakura mchicha wa jirani na kutaga kwenye kapu la nguo, kwa kuwa lile banda la mashariki na magharibi halimpendezi. Nani mwingine hujengewa, hulishwa, huchanjwa na kukeshewa, asiseme ahsante hata siku moja, na bado akahesabiwa kuwa mali ya nyumba? Jina la Mheshimiwa amelipata kwa haki.

Anayetaka kuungana nasi aanze na wachache, anunue wavu wa chuma kabla ya bati, na amuulize ofisa mifugo wa kata siku ya chanjo. Mwenye ushauri zaidi ya huo, tafadhali aje mchana.