Barafu Huacha Chumvi Nyuma: Shajara ya Isaka

JUMATATU

Umeme ulikatika jana usiku, ukarudi alfajiri. Kabla sijanywa chai, mama jirani aligonga mlango akiwa na beseni. Anauza barafu za ubuyu kwenye maegesho ya malori, karibu na bandari kavu ya Isaka. Tuliamkiana mwangaluka, nikamkaribisha kiti, akasema hana muda wa kukaa. Barafu zake ziliyeyuka usiku, zikaganda tena umeme uliporudi, na sasa watoto wanazirudisha wakidai hazina sukari.

Nilichukua kifuko kimoja nikakiinua kwenye mwanga wa mlangoni. Juu kilikuwa cheupe na kigumu, na ukikimung'unya hapo unapata maji matupu. Chini, kwenye pembe ya nailoni, kulikuwa na ubuyu mwekundu mzito ambao haukuganda kabisa, mtamu wa kukwaruza koo. Sukari haikupungua hata chembe, ila ilikuwa imehama.

Nilimweleza kwamba maji yakiganda hujipanga kwa safu, na ndani ya safu hizo sukari haipati nafasi, kwa hiyo husukumwa nje. Bahari za ncha za dunia zinaifanyia chumvi vivyo hivyo. Kilo moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi, na huanza kuganda kwenye nyuzi 1.8 hivi chini ya sifuri. Barafu inapojengeka, chumvi nyingi hurudishwa majini, na inayobaki hunaswa katika vijitundu vya maji makali ya chumvi, ambayo huendelea kuchuruzika kwenda chini miezi yote ya baridi.

Aliniuliza, "Sasa Mwalimu, sukari yangu naipataje?" Nikamwambia ayeyushe zote, akoroge, agandishe upya. Alishukuru akaondoka. Friza ilipoanza kushika baridi vizuri, malori ya mchana yalikuwa yameshaondoka.

JUMANNE

Bomba halikutoa maji tangu asubuhi. Nilinunua madumu mawili kwa kijana wa mkokoteni, naye aliyachota kwenye kisima kirefu ng'ambo ya reli. Yalikuwa ya chumvichumvi. Sabuni haikutoa povu, chai ikawa na ladha ya supu, na maharage yaliyoinjikwa saa nne yalikuwa bado magumu saa kumi. Tulikula michembe.

Anayeishi huku Shinyanga anajua kuipima chumvi kwa ulimi. Wakazi wa Aktiki nao wanajua. Hawayeyushi barafu ya bahari iliyoganda juzi ili wanywe, kwa sababu bado ina chumvi. Huitafuta ya zamani, iliyopita kiangazi kimoja au zaidi. Barafu ya msimu mmoja hubaki na gramu 5 hivi za chumvi kwa kilo. Ile ya miaka kadhaa huwa na chini ya 3, maana kila kiangazi maji yanayoyeyuka juu hupenya ndani na kuisafisha. Barafu ya bahari, basi, ni ghala la maji matamu linaloelea juu ya maji ya chumvi.

Na ile chumvi iliyosukumwa nje? Huongeza uzito wa maji yaliyo chini ya barafu, ambayo tayari ni ya baridi kali. Kandokando ya Antaktika, mahali barafu inapotengenezwa kwa wingi, maji hayo mazito huteremka hadi sakafu ya bahari, kisha hutambaa kuelekea kaskazini. Kilindi cha Bahari ya Hindi, hadi bonde la bahari lililo mbele ya Somalia, kimejaa maji yenye asili hiyo. Yanashuka na hewa ya oksijeni yaliyoichukua juu, na viumbe wa vilindini wanaishi kwa hewa hiyo. Ndiyo maana siikubali kauli kwamba mambo ya Antaktika hayatuhusu. Bahari inayopiga Dar es Salaam na Tanga imekaa juu ya maji yaliyozama huko.

Bomba lilitoa maji saa nne usiku. Nilijaza kila chombo, hata sufuria la maharage.

JUMATANO

Kipindi cha pili, kidato cha tatu. Nilitundika ramani ya dunia ukutani na kukuta panya wameitafuna upande wa chini. Antaktika haipo, na ncha ya Amerika ya Kusini imekwenda nayo. Nilichora bara hilo kwa chaki chini ya ramani, kwenye ubao, na somo likaendelea.

Nilikuwa nimebeba glasi, chumvi, rangi nyekundu ya keki na kijiko. Nilikoroga chumvi na rangi kwenye maji nusu glasi. Halafu niliyateremsha maji matamu polepole juu ya mgongo wa kijiko. Yalikaa juu, meupe, na yale mekundu yakabaki chini, mpaka wake ukionekana wazi kama mstari wa rula. Darasa zima lilinyamaza. Nilisema: hivi ndivyo uso wa bahari unavyokuwa barafu inapoyeyuka kiangazi. Maji yake yana chumvi kidogo, ni mepesi, na yanaunda tabaka la juu ambalo kina chake mara nyingi hakizidi makumi machache ya mita.

Tabaka hilo lina kazi mbili zinazovutana. Mimea midogo ya baharini, isiyoonekana kwa macho, hubaki karibu na jua na kustawi haraka. Lakini virutubisho vilivyo chini hupata shida kupanda, hivyo vilivyo juu vikiisha, ustawi nao unakoma. Katika Aktiki kuna jambo la tatu. Chini ya maji ya juu yenye chumvi kidogo yamelala maji kutoka Atlantiki, yenye chumvi zaidi na joto zaidi. Mnorwei Fridtjof Nansen aliyapima alipoiacha meli yake, Fram, inaswe na barafu na kuchukuliwa nayo kuanzia 1893 hadi 1896. Tofauti ya chumvi ndiyo inayolizuia joto hilo lisipande na kuila barafu kwa chini.

Kijana wa dawati la nyuma alijipenyeza ili aone vizuri, akagonga meza. Kijiko kilitumbukia ndani ya glasi na maji yote yakawa ya waridi. Wenzake walimzomea. Niliwanyamazisha, kwa kuwa alikuwa ametupatia sehemu iliyobaki ya somo. Upepo hufanya baharini kile ambacho kijiko kilifanya kwenye glasi, na bahari iliyofunikwa na barafu haipigwi sana na upepo. Septemba 2012 barafu ya Aktiki ilishuka hadi kilomita za mraba milioni 3.4 hivi, ilhali Septemba za miaka ya 1980 ilikuwa karibu milioni 7. Pale barafu ilipotoweka, maji ya juu yaliongezewa maji matamu na wakati huohuo yakaachwa wazi kwa upepo. Ipi kati ya nguvu hizo mbili itashinda hutegemea mahali na msimu.

Rangi imeshika kwenye mkono wa shati langu jeupe. Haikutoka.

ALHAMISI

Mvua ya kwanza. Ilitukuta dukani wakati magunia ya chumvi yanashushwa kutoka kwenye lori lenye turubai lililochanika. Magunia ya juu yalilowa, na mchirizi mweupe ukatiririka hadi barazani kwa fundi cherehani. Mwenye duka na fundi hawakuelewana hadi jioni.

Chumvi ilitoka Uvinza, na baba mkwe wa mwenye duka ni mtu wa huko. Nilimsabahi shikamoo, akaitikia, akanisogezea kigoda. Alisema, "Mwanangu, mvua na chumvi hawajawahi kupatana." Uvinza chumvi inatokana na chemchemi zilizo karibu na mto Malagarasi. Zamani watu walichemsha maji yake wakati wa kiangazi, kwa sababu masika mto hufurika na kuyazimua. Kazi hiyo ina zaidi ya miaka 1,000, na wapagazi wa Kinyamwezi waliibeba chumvi ya Uvinza mbali sana.

Nilimwambia kwamba Aktiki nayo ina mito yake inayoizimua: Ob, Yenisei na Lena kutoka Siberia, na Mackenzie kutoka Kanada. Bahari ile ina takriban asilimia 1 tu ya maji yote ya bahari duniani, lakini hupokea karibu asilimia 10 ya maji ya mito yote. Barafu huongezea kitu ambacho mto hauwezi, maana inasafiri. Huganda karibu na Siberia na kuacha chumvi huko, kisha husukumwa na upepo na mikondo hadi mlango wa bahari kati ya Greenland na Svalbard, na kuyeyukia maelfu ya kilomita kutoka ilipoganda.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 barafu na maji matamu yalipita hapo kwa wingi usio wa kawaida. Maji hayo yalizunguka Atlantiki ya Kaskazini kwa zaidi ya miaka 10, yakipunguza chumvi popote yalipofika. Katika Bahari ya Labrador, maji ya juu yalikuwa mepesi kiasi kwamba majira kadhaa ya baridi yalipita bila kuzama hadi vilindini kama ilivyo desturi. Mzee alisikiliza hadi mwisho. Akauliza samaki walikula nini. Ni swali zuri, na nimeliandika hapa ili nilifanyie kazi.

IJUMAA

Msichana wa dawati la mbele aliuliza: kama barafu inazidi kupungua, si bahari za ncha zote zitakuwa na chumvi kidogo zaidi? Nilipofungua kinywa kumjibu, mvua ilishuka juu ya bati na hakuna aliyesikia neno. Niliandika jibu ubaoni, nao wakanakili.

Niliandika hivi. Wengi wa wataalamu walitarajia hivyo hata kwa Antaktika. Mwaka 2009 Shirika la Anga la Ulaya lilirusha setilaiti iitwayo SMOS, inayopima chumvi ya uso wa bahari kutoka angani. Mwaka 2025 watafiti walioongozwa na Chuo Kikuu cha Southampton walitoa matokeo yake: tangu 2015, bahari inayoizunguka Antaktika imeongezeka chumvi juu, huku barafu ikipungua. Tabaka la juu likiwa na chumvi zaidi, halielei imara kama zamani. Maji ya chini, yenye joto na chumvi, hupata njia ya kupanda, na barafu huyeyushwa kutoka chini. Uwazi mkubwa ndani ya barafu ya Bahari ya Weddell, uliokuwa haujaonekana kwa ukubwa huo tangu miaka ya 1970, ulirudi 2016 na 2017. Mwaka 2023 barafu ya Antaktika ilikuwa ndogo kuliko mwaka wowote uliopimwa kwa setilaiti, kiangazi na majira ya baridi pia.

Msichana aliandika yote, akapiga mstari chini ya "tangu 2015". Mimi napenda kizazi hiki kijue kwamba swali kama lake ndilo linalowakesha watu wenye setilaiti. Maji ya mvua yaliingia kupitia bati na kufuta mistari miwili ya mwisho. Nikairudia.

JUMAMOSI

Mama jirani amebadili mtindo. Anatumia vifuko vyembamba, anavipanga kwa kuviachia nafasi ndani ya friza ili vigande upesi. Sukari haipati muda wa kukimbia, na nyingi hunaswa ndani. Barafu ya bahari inayoganda upesi nayo hunasa chumvi nyingi kuliko ile inayoganda polepole. Leo ziliisha kabla ya adhuhuri. Umeme ulikatika saa tisa, friza ikiwa tupu.

Nilikwenda kudurufu mtihani wa mwezi. Wino wa mashine uliishia kwenye swali la nne, kwa hiyo la tano nitalisoma kwa sauti Jumatatu. Ninalinakili hapa, kwa kuwa ndilo ambalo natamani kila mwanafunzi aondoke nalo: "Barafu ya bahari imeganda mahali A, ikasafiri, ikayeyukia mahali B. Eleza chumvi ya uso wa bahari imebadilikaje katika kila mahali, na nini kitatokea kwa maji ya chini. Alama 20."