Tuandikisheni Heroe

Kwa Waheshimiwa Wapangaji wa Kima cha Mshahara wa Baba,

Yah: Maombi ya kuandikishwa ndege

Nawaandikia kutoka Ras Al Khor, Dubai, upande wa gereji, si upande wa ndege. Baba yangu alifanya kazi huku kabla yangu, akiosha na kupiga polishi magari ya usukani wa kulia yanayokwenda Dar es Salaam na Mombasa. Leo kitambaa nimeshika mimi, na dirishani pa ofisi ya viza naambiwa yaleyale: atakaye kuleta mke na watoto awe na mshahara wa dirhamu 4,000, au 3,000 na nyumba juu. Wenye pungufu ya hapo, watoto wetu wawazoee shangazi zao.

Hatubishani na sheria. Tunaomba tu mtubadilishie daftari, mtuandike heroe.

Heroe huja hapa kila majira ya baridi kwa mamia, na hakuna anayewadai karatasi ya mshahara. Manispaa inawalisha. Makao yao yanatambuliwa na Mkataba wa Ramsar wa ardhioevu tangu mwaka 2007. Ya kwetu yanatambuliwa na kunguni. Sifa tunazo. Kusimama kwa mguu mmoja tumejifunza kwenye foleni zenu. Pete ya mguuni tutavaa, namba tumeshazizoea. Watalii watupige picha kutoka vibandani, bora wasitupigie honi. Mke atakaa upande wa mikoko na hatadai kiyoyozi. Kifaranga cha heroe huanza na rangi ya kijivu, na wanangu, kwa vumbi la Temeke, hapo wameshapita bila mtihani. Ikilazimu kula vijidudu vya topeni ili tugeuke waridi, leteni bakuli.

Nilipokuwa darasa la nne, baba aliomba nipimwe mguu. Mama akanipima kwa uzi, akaukata, akampa mtu aliyekuwa anasafiri. Baba akanunua viatu vyeusi vya shule, akavificha chini ya tairi la akiba la gari lililokuwa linapakiwa melini. Vilipofika, vidole havikuingia. Akavaa mdogo wangu. Baba alikuwa anaamka alfajiri kila siku, hanywi, hachezi kamari, na bado mguu wa mwanawe aliujua kwa uzi. Mlitaka afanye nini zaidi? Mikono yake mliitaka. Mgongo wake mliutaka. Ubaba wake ndio mkauona ghali! Gari bovu likipigwa rangi linavuka bahari na makaratasi yake yote. Mtoto mzima hapati karatasi ya kumfikia babake.

Niwieni radhi, waheshimiwa. Ni joto.

Naongeza madogo. Fungueni simu za WhatsApp mlizozizuia, maana baba alitulea kwa ujumbe wa sauti: unamwuliza hesabu leo, anakujibu kesho, daftari limeshasahihishwa. Mashine ya namba itoe namba iliyo karibu na inayoitwa. Na yule kijana wa dirishani afundishwe kusema "haiwezekani" huku akimtazama mtu usoni.

Heroe wakiwa wamejaa, tutapokea nafasi ya korongo.

Wenu mtiifu,
Mwenye Mshahara Chini ya Kiwango

Nakala: Mke wangu, Temeke. Usifungashe bado.