Kichupa cha Kunguni

Kunguni walimtesa shangazi yangu wa Igoma masika yale. Godoro likaanikwa, chaga zikamwagiwa maji ya moto, usiku wakarudi vilevile. Ndipo jirani anayelima nyanya upande wa Kisesa akamletea kichupa. Binamu yangu wa kidato cha pili akasoma neno kubwa kuliko yote: "Kills".

"Mama, inaua."

"Inaua nini?"

"Wadudu."

Ikatosha. Na ingemtosha mtu yeyote, maana neno hilo limejaa nyumbani mwetu: lipo kwenye sabuni ya kumwogeshea mtoto, lipo kwenye dawa ya choo. Macho yameshalizoea, halitishi tena. Kinachotofautisha ni mkanda wa rangi ulio chini ya kibandiko. Mwekundu ndio mkali kupita yote, kisha wa njano, wa bluu, na wa kijani. Kichupa kile kilikuwa na mkanda wa njano, na kando yake michoro ya glavu na barakoa. Hakuna aliyeitazama.

Wakapulizia godoro, wakapulizia nyufa za ukuta, dirisha wakalifunga ili dawa ikolee. Asubuhi kuku waliodonoa takataka zilizofagiliwa nje walikuwa chali. Kitinda mimba naye akaamka anatoka udenda na jasho, anatapika, mboni za macho zimekuwa ndogo kama punje ya ulezi.

Shangazi akapanda bajaji amempakata mtoto, kichupa amekifunga kwenye upindo wa kanga. Nampa heshima yake kwa hilo. Daktari alisoma jina la kiambato, akatambua ni sumu ya kundi la oganofosfeti, akamchoma mtoto atropini bila kupoteza muda. Mtoto akapona.

Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020, husajili kila kiuatilifu kwa matumizi yake. Cha nyanya ni cha shambani. Chumbani hakina ruhusa. Nataka maneno hayo yaandikwe kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa kuliko "Kills".

Wiki iliyofuata binamu alitaka kichupa kitupu akiwekee maji ya kunywa shuleni. Shangazi akamnyang'anya, akachukua msumari na nyundo, akakitoboa pande zote mbili.