Hali Fiche, Siri Wazi

Hapa Vickery Meadow, Dallas, jirani yangu wa kutoka Goma haambiwi kitu kuhusu Chrome, kivinjari cha Google. Nami sibishi: fomu ya shule ya mtoto inageuka Kiswahili papo hapo, Kiswahili cha kuchechemea, lakini kinafika. Kwa kula memori tu ndiyo haishibi. Kurasa 20 wazi, feni ya laptopu inahema kama mbeba mizigo.

Tena kuna Hali Fiche, ile ya kuvinjari bila Chrome kuweka historia. Tarehe 1 Aprili 2024, siku ya wajinga, nyaraka za mahakamani zilionyesha Google imekubali kufuta mabilioni ya rekodi za waliodhani wamejificha humo. Nikamsomea jirani.

“Dada,” akacheka, “mimi bei za vitenge namficha baba watoto, si Google.”