Subaru ya Garsen
Tumpongeze kijana wetu wa Subaru. Petroli ya Garsen haigusi. Huagiza jerikeni ya oktani ya juu kutoka Malindi, zaidi ya kilomita 100, kwa kuwa injini yenye turbo si punda wa kuchota maji. Ana haki. Oktani ya juu huzuia mafuta kulipuka kabla ya wakati, nalo gari la mbio halitaki kugongagonga. Na mbio tunazo: matuta, ng'ombe wa Waorma wanaovuka bila haraka, kisha kizuizi cha polisi. Mto Tana ukifurika, barabara ikazama, husubiri boti nasi, ila petroli yake ni ya daraja la juu. Jana kapitwa na bodaboda iliyotiwa mafuta ya chupa ya soda.