Mikanda ya Bwana Bollinger

Wataalamu wetu wa chati wamenogewa na mikanda ya John Bollinger, Mmarekani aliyeibuni miaka ya 1980. Kanuni yake haina uganga: chukua wastani wa bei za siku 20, panda juu mara mbili ya mkengeuko sanifu, shuka chini kiasi hicho hicho, chora. Soko likichafuka mikanda inatanuka, likitulia inabana. Mbano ukizidi, wanatuambia, mtikisiko uko njiani. Wa kupanda au wa kushuka? Hapo mtaalamu hukohoa kidogo na kuagiza chai.

Sasa mikanda hiyo wanaipeleka Soko la Hisa la Dar es Salaam, ambako zipo hisa zinazoweza kukaa siku kadhaa bila hata moja kubadili mikono. Bei isiposogea siku 20, mkengeuko ni sifuri, na mikanda yote inalala juu ya wastani wake ikawa mstari mmoja. Mtaalamu anaruka: “Ndugu zangu, mbano huu sijapata kuuona! Kaeni mkao wa kula!” Kumbe hakuna cha mbano. Hakuna anayeuza, hakuna anayenunua, na mwenye hisa yuko zake Mbozi anapalilia kahawa.

Bollinger mwenyewe anasema bayana kwamba bei kugusa mkanda si ishara ya kununua wala kuuza. Sentensi hiyo, bila shaka, haijazi ukumbi wa semina ya kulipia. Ukialikwa, uliza kwanza: hisa hiyo iliuzwa lini mara ya mwisho?